Kesi Tuliyoimaliza Kanisani

Mwanangu, siku niliyoambiwa kwamba jimbo la Ohio linanitafuta, nilikuwa Gaithersburg, hapa Maryland, nikimkata bibi mmoja kucha za miguu. Simu ililia, nikaibana kati ya bega na sikio, nikaendelea na kucha. Alikuwa msichana wa ile ofisi iliyokuwa ikitupangia kazi za kuwatunza wazee majumbani. Sauti yake ilikuwa ya upole, ile ya mtu anayesoma maneno ambayo hakuyaandika yeye. Alisema majibu ya alama za vidole vyangu yamerudi, na kuna hati ya kunikamata huko Ohio kwa sababu nilikosa kufika kortini. Kwa hiyo nisije kazini tena mpaka jambo hilo lisafishwe, na mwezi ukiisha kabla sijalisafisha, nafasi yangu atapewa mtu mwingine.

Nilimuuliza kama hajakosea mtu. Akanisomea jina langu lote, hata lile la ubatizo ambalo mimi mwenyewe huwa nalisahau. Bibi wa kucha akaniuliza kama kuna mtu amekufa. Nikamwambia hapana, kuna mahali tu nilitakiwa kufika na sikufika.

Lakini ukweli ni kwamba sikujua ni mahali gani. Mimi na korti wapi na wapi? Nilikuwa mtu wa kazi, kanisa na nyumba. Nikiendesha gari kurudi Germantown siku hiyo, kila gari la polisi kwenye barabara kuu ya I-270 niliona limetumwa kwangu. Nilikwenda polepole mpaka watu wakanipigia honi. Ni pale niliposimama kwenye taa, karibu na nyumbani, ndipo nilipomkumbuka Mama Furaha. Nikaukumbuka na mwiko.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, usije ukachanganyikiwa kama nilivyochanganyikiwa mimi.

Nilitoka Kitale nikiwa kijana, nikafikia Ohio, na nilikuwa na hasira za karibu. Watu waliniambia, nikawakasirikia. Nilikuwa na mimba ya Nekesa, na kanisani walishaanza kuniita Mama Nekesa kabla hajazaliwa, na baba yake alikuwa ameondoka na begi lake moja akisema anakwenda kutafuta kazi Texas. Hakuwa anatafuta kazi. Jambo hilo nilimwambia mtu mmoja tu, Mama Furaha, mwanamke wa Uvira, Kongo, aliyenizidi umri kidogo. Tulikuwa tukifunga maboksi pamoja kwenye ghala moja, na Jumapili tulikaa benchi moja katika kanisa ambalo Wakongo, Warundi na sisi Wakenya tulisali kwa Kiswahili, kila mtu na chake, na Mungu akatusikia hivyo hivyo.

Kukatokea msiba, tukaenda kupika kwa wafiwa. Mimi nilikuwa kwenye ugali. Mama mmoja akanisogelea, akaniwekea mkono mgongoni, akaniambia kwa huruma, "Pole, nimesikia Baba Nekesa alikuacha." Wanawake wote jikoni wakanyamaza ule ukimya wa watu wanaojua tayari. Nikageuka, nikamwona Mama Furaha mlangoni amebeba sahani. Sikumbuki nikiamua kitu. Nakumbuka mwiko ukiwa mkononi mwangu, kisha damu ikimtiririka Mama Furaha juu ya jicho, na sahani zimevunjika.

Majirani walisikia kelele wakaita polisi. Polisi walikuja, wakamsikiliza kila mtu, wakanipa karatasi yenye tarehe ya kufika kortini. Mama Furaha alikwenda kushonwa.

Sasa hapa ndipo unielewe, mwanangu, maana wewe, kama watoto wengine wa kanisani kwetu, umekulia Amerika na pengine utaona nilikuwa mjinga. Kule nilikotoka, na kule alikotoka yeye pia, ugomvi una mwenyewe. Aliyeumizwa ndiye mwenye kesi. Akitaka anaipeleka mbele, akitaka anaiondoa. Wazee wakiwakalisha, mkakubaliana, aliyeumizwa anakwenda kwa polisi na kusema, "Tumeelewana," na mambo yanaishia hapo. Ndivyo nilivyomwona mjomba wangu akifanya, na hakuna aliyemfuata tena.

Kwa hiyo tulipokalishwa na wazee wa kanisa, nilikwenda na moyo wote. Nilipika kuku nikapeleka nyumbani kwa Mama Furaha. Nikapiga magoti na tumbo langu kubwa, nikaomba msamaha mbele ya watu. Naye alilia, akaomba msamaha kwa kulitoa neno langu nje. Tukala kutoka sahani moja. Mzee Barnaba, Mrundi aliyekuwa mkubwa wa wazee wa kanisa, akatuombea, kisha akasema kuanzia siku hiyo kesi hiyo haipo, na asiwepo mtu wa kuigusa.

Nilimuuliza, "Na ile tarehe ya korti, Mzee?"

Akanitazama kama niliyemuuliza jambo la kitoto. "Binti yangu, aliyepigwa si ni huyu hapa? Na huyu hapa amekusamehe. Sasa utakwenda kumwambia jaji nini, kwamba mmepatana? Si atawauliza mmekuja kufanya nini?"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka zaidi yao wote, kwa sababu ndilo jibu nililokuwa nalitaka. Simlaumu Mzee Barnaba. Alikuwa amepatanisha watu katika kambi ya wakimbizi, waliokuwa na mambo mazito kuliko mwiko, na waliishi jirani baada ya hapo.

Kuna kipande kingine, na hiki ni changu peke yangu. Nilisamehewa, lakini sikuweza kumtazama usoni. Kila Jumapili alinisalimu kwa mikono miwili, na kila Jumapili nililiona lile kovu kwenye nyusi. Binamu yangu aliponipigia kutoka Germantown kuniambia kuna kazi na chumba, nilifunga mizigo wiki hiyo hiyo, kabla ya ile tarehe ya korti kufika. Sikumuaga Mama Furaha. Nilipofika Maryland nilibadilisha namba ya simu, na sikumpa mpya. Kama ungeniuliza ningekuambia ni shughuli za kuhama. Nilikuwa namkimbia.

Basi Nekesa akazaliwa, akaanza shule, akawa mrefu kuliko mimi, na hakuna aliyeniuliza kitu mpaka ofisi mpya ilipotaka alama za vidole. Ndiyo maana nakwambia hati kama ile haisumbui, inakaa tu kimya.

Nilipiga simu kortini Ohio. Karani wa kwanza alisema haruhusiwi kunishauri kisheria. Nikamwambia sitaki ushauri, nataka kujua tu nani amenishtaki, kwa sababu Mama Furaha alinisamehe mbele ya mashahidi.

"Aliyekushtaki ni Jimbo la Ohio," akasema.

"Na Mama Furaha?"

"Huyo ni shahidi."

Nilikata simu nikakaa kitini na koti langu mwilini. Jimbo la Ohio. Lote, na mashamba yake ya mahindi na barabara zake, lilikuwa linanidai mimi. Mimi na Ohio tulikosana lini? Nilimpiga mtu mwenye uso na jina, na huyo tulimalizana. Kama ni Ohio iliyokasirika, nitapiga magoti wapi? Kuku nitampelekea nani? Mwanangu, unaweza kucheka sasa, nami nacheka, lakini siku ile nilikuwa na hofu ambayo sikujua niielekeze upande gani. Nikifukuzwa kazi, kodi ya nyumba ingetoka wapi, na nikikamatwa, Nekesa angelala kwa nani?

Yeye alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Unawajua watoto wa huku, anakielewa Kiswahili chote, ila hawezi kukijibu.

"Mom, so you're, like, wanted?"

"Natafutwa tu," nikamwambia. "Bado sijapatikana."

Nilifikiri atacheka. Alikwenda kufunga mapazia ya sebuleni, akarudi chumbani kwake.

Jumapili nikafanya kosa la pili, ambalo ni kuwauliza watu wote kwa pamoja. Baada ya ibada kila mtu alikuwa wakili. Mmoja alisema kesi zikizeeka zinajifuta zenyewe. Mwingine akasema niende kituo cha polisi hapa Germantown nijisalimishe kwa heshima, wataona mimi ni mtu mzuri. Mama mmoja akasema tufunge na kuomba, na ofisi itasahau. Kijana mmoja wa Nairobi, muuguzi, akaniambia, "Auntie, wewe drive tu polepole, usiingie Ohio tena, hakuna mtu atakusumbua." Nikamuuliza kama ataniajiri yeye, maana walionisumbua hawakuwa polisi, walikuwa ofisi ya kazi. Akasema hilo hakulifikiria. Nilitoka pale nikiwa na mashauri mengi kuliko niliyoingia nayo, na kila moja lilikuwa linapigana na lingine.

Jumatatu nikapiga simu kortini tena, nikampata karani mwingine. Huyu naye hakunishauri, lakini alinipa namba ya ofisi ya mawakili wa mji ule wanaowatetea watu wasio na uwezo. Hivyo ndivyo nilivyompata wakili, mwanamke mwenye sauti ya haraka. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa amefanya.

Akaniambia nisiende Ohio kwanza, na nisijisalimishe popote kwanza. Yeye atamwomba jaji aiondoe hati na anisikilize kwa video nikiwa Maryland. Jaji anaweza kukubali, na anaweza kukataa. Akikataa itabidi niende mwenyewe, na ninaweza kulala ndani. Nilimwomba arudie, akarudia, na mara ya pili nilielewa zaidi kidogo tu kuliko ya kwanza.

"Yule uliyempiga," akauliza. "Mwendesha mashtaka atataka kujua yeye anasemaje leo."

"Alishanisamehe."

"Alisema hivyo wapi?"

"Kanisani."

Nikasikia vidole vyake kwenye kompyuta, kisha vikanyamaza. "Unafikiri anaweza kusema mahali pengine?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nalikwepa tangu simu ya kwanza. Nilihitaji kumtafuta mtu ambaye nilitumia nguvu nyingi asinipate. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la akina mama, nikiuliza kama kuna anayemjua Mama Furaha wa Uvira aliyekuwa Ohio. Namba yake ilikuja kabla chai yangu haijachemka. Miaka yote ile alikuwa karibu hivyo.

"Halo? Ni nani?"

"Ni Mama Nekesa."

"Mama Nekesa wa mwiko?"

Akacheka, kile kicheko chake cha kifuani, na mimi nikashindwa kucheka. Nikamweleza yote, hati, kazi, wakili, na Ohio iliyonishtaki bila kunijua. Aliniacha nimalize.

"Miye nilienda," akasema.

"Ulikwenda wapi?"

"Kule ku tribunal, ku korti. Ile siku yako. Walinitumia barua ya kuniita. Nikasema sawa, nitaenda nimuambie juge kama sisi tulishapatana, nitamukuta na Mama Nekesa kule, tutaongea wote wawili. Nikaacha kazi siku ile, nikapanda bus. Wakaita jina yako, hakuna mutu. Wakaita tena. Mi nikasimama."

"Ukasimama?"

"Nikasimama. Juge akauliza, ni weye? Nikasema hapana, mi njo mwenye alipigwaka. Watu wakacheka. Akaniambia nikae chini. Nikakaa, nikiangalia tu mulango mpaka wakamaliza watu wote. Kisha nikakupigia, na simu yako ilikuwa imekufa. Wakaniambia ulishaenda Maryland. Nikasema basi, labda roho yake haijapoa. Nimuache."

Nililia, mwanangu. Nililia kwa aibu, siyo kwa ajili ya kazi. Katika jengo lile lote, mtu pekee aliyekuja kwa ajili yangu alikuwa yule niliyempasua uso, na alidhani mimi ndiye niliyemkasirikia. Nilitaka kumwambia hapana, nilikukimbia kwa sababu ulikuwa mwema kwangu, lakini maneno kama hayo hayatoki kirahisi kwenye simu. Nilisema tu, "Mama Furaha, nisamehe." Akasema hiyo nilishaiomba na alishatoa, sasa nimwambie tarehe.

Jaji alikubali video. Siku yenyewe nilivaa blauzi ya kanisani, nikaiegemeza simu kwenye kopo la sukari. Walikuwa wamenitafutia mfasiri, kijana wa Kitanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. "Bibi mshtakiwa," akaniambia, "je, unaridhia shauri lako lisikilizwe kwa njia ya masafa?" Nikamwambia kwa Kiingereza samahani, sijaelewa. Jaji mwenyewe akarudia kwa Kiingereza chake, nikaelewa vizuri, na mfasiri akaonekana ameumia. Kuanzia hapo nilikuwa nasikiliza lugha mbili na kupotea katika zote mbili. Nyuma kabisa ya chumba kile nilikiona kilemba cha Mama Furaha. Alikuwa ameacha kazi mara ya pili.

Jaji akaniuliza kwa nini sikuja. Wakili alikuwa ameniambia nijibu kwa kifupi, na nilikuwa nimejifunza sentensi nzuri ya kutaja ujauzito na kuhama. Sikuisema. Nilisema, "Nilidhani aliyenisamehe ndiye mwenye kesi."

Mfasiri akasita kabla ya kulitoa neno hilo. Jaji akamtazama Mama Furaha, akanitazama mimi, akasema anafurahi kwamba tumepatana, na si wengi wanaofika mbele yake wakiwa wamepatana. "Lakini korti hii ilikuita ikakungoja," akasema. "Hukuja, na hukutuambia kwa nini."

Halafu wao wenyewe wakaanza kuzungumza, jaji, wakili wangu na mwendesha mashtaka, maneno ya kisheria yakiruka juu ya kichwa changu. Mama Furaha akaitwa, akasema yake. Jaji akanitakia kila la heri na skrini ikawa nyeusi. Nikabaki nimelitazama kopo la sukari.

"Is it over?" Nekesa akaniuliza, kama imekwisha.

"Sijui," nikamwambia, na kweli sikujua.

Ilibidi wakili anipigie kuniambia kwamba hati imeondolewa. Nitahudhuria darasa la kuzuia hasira kupitia kompyuta, na nikimaliza, shtaka litafutwa. Atanitumia barua niipeleke ofisini. Nilimwuliza mara tatu kama hiyo ina maana niko huru kuendesha gari. Ofisi ilinirudisha kazini kabla ya mwezi kuisha, ila yule bibi wa Gaithersburg alikuwa ameshazoea mtu mwingine, nikapewa mzee mmoja wa mji wa Laurel, mkali sana. Nilimpenda hata hivyo.

Jioni ya siku ile ya video nilimpigia Mama Furaha nimshukuru. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi. Alinikatiza nikiwa kwenye la kwanza.

"Usiniambie aksanti," akasema. "Sikiliza, Mama Nekesa. Kusamehe, mi nilikusamehe. Hata kesho utanipiga, nitakusamehe. Lakini kama wanaita jina yako, itikia weye mwenyewe. Hiyo siwezi kukufanyia. Nilijaribu, wakaniambia nikae."

Hakuna mzee aliyewahi kunikemea vile, kwa sauti ya chini namna ile, na hasira zangu za karibu hazikuniinukia.

Sasa wewe umekaa mbele yangu na tarehe yako ya korti uliyoikosa Pennsylvania ukiwa mwanafunzi, unaniambia ni mambo madogo ya gari, ulimlipa yule mtu bampa yake, mkapeana mikono, na sasa unaishi Maryland na ni zamani. Nimekusikia. Nami nakwambia, yule mtu mlimalizana naye, na ulifanya vizuri. Wale wengine bado wanakungoja. Hayo ni mambo mawili, na moja haliwezi kulibeba lingine. Hata leo sielewi vizuri kwa nini Ohio iliumia kwa mwiko usioigusa, na huhitaji kuelewa wewe pia. Unahitaji kwenda. Usiwaulize watu wa kanisani, hata mimi usiniulize zaidi ya hapa. Tafuta wakili wa kule kule ilipo korti, kabla hujasafiri na kabla hujajipeleka kwa polisi yeyote, umweleze ukweli wote ikiwemo ile sehemu inayokuaibisha. Fanya hivyo wakati hakuna anayekutafuta, maana siku watakapokutafuta utakuwa na kazi, na mtoto, na mapazia ya kufunga.

Na ukimkosea mtu, mwanangu, mpikie kuku, piga magoti, ule naye. Usiache desturi hiyo kwa sababu jaji haijui. Ila ukishasamehewa usimkimbie aliyekusamehe. Mwachie namba yako ya simu.

Nenda na amani. Mungu akupe watu watakaosimama kwa ajili yako hata usipokuwepo, na akupe moyo wa kuwepo ili wasisimame peke yao. Amina. Sasa chukua simu, kule Pennsylvania ofisi bado ziko wazi.